Kwa Nini Tairi Hubandua Rangi ya Sakafu

Msomaji mmoja wa Mbezi Beach ameniuliza swali linalostahili ukurasa mzima. Alipaka epoksi ya kijivu kwenye sakafu ya banda la gari lake, akasubiri siku mbili, kisha akaingiza gari. Baada ya wiki chache rangi ilikuwa imebanduka mahali panne, kila mahali ukubwa wa tairi linapokanyaga. Kwingine kote sakafu ni nzima, na hata pale alipomwaga oili pamefutika vizuri. Anauliza safari hii apake kitu gani kitakachodumu.

Sitapitia rangi zote zinazouzwa. Majina ya makopo hubuniwa ili yauze, na hayamwambii mnunuzi mengi. Jibu liko kwenye madoa yale manne, na ili tuyasome inabidi tuingie ndani ya kopo.

Epoksi huja katika makopo mawili. La kwanza lina resini, na kila molekuli ya resini hiyo ina pete ndogo kwenye kila ncha yake. Pete hiyo ni ya atomu tatu tu, kaboni mbili na oksijeni moja, zilizoshikana kwa umbo la pembetatu. Uhondo wote uko hapo. Kaboni iliyo huru hupenda kuacha pembe ya nyuzi 109 hivi kati ya viungo vyake, lakini ndani ya pembetatu hii inalazimika kukaa kwenye nyuzi 60. Imebanwa, na inabaki imebanwa miezi mingi kopo likiwa kwenye rafu. Nitaiita pete-mkazo. Nilifikiria kusema pete ya epoksi, lakini jina hilo linataja bidhaa na kuificha kazi, na kazi yenyewe inafanywa na mkazo.

Kopo la pili lina kigumishi, kwa kawaida kemikali ya kundi la amini. Kila ncha ya molekuli yake ina atomu ya naitrojeni iliyobeba haidrojeni mbili. Ukishachanganya, naitrojeni huishambulia kaboni mojawapo ya pete-mkazo. Pete inakatika, kaboni inarudi kwenye pembe inayoipenda, na nishati iliyokuwa imefungiwa humo inatoka kama joto. Resini na kigumishi sasa vimeungana kwa kiungo cha kemikali ambacho thina haikifungui. Oksijeni iliyoachiwa nayo haiendi bure. Inachukua haidrojeni moja na kubaki imejitokeza ubavuni mwa mnyororo, ambako inasaidia kushika uso wa zege. Tendo moja linaikaza rangi kwa ndani na papo hapo linaipa uwezo wa kung'ang'ania sakafu! Tena jozi hiyo ya oksijeni na haidrojeni huzichochea pete za jirani zifunguke upesi zaidi, kwa hiyo mchanganyiko unajiharakisha wenyewe. Ndiyo sababu epoksi iliyoachwa ndooni hupata moto, hufuka moshi na kuwa jiwe, wakati ileile iliyomwagwa sakafuni kwa tabaka jembamba hupoa na kumpa fundi muda wa kuisambaza.

Tazama kinachojengeka hapo kama wavu wa mvuvi. Vipande vya uzi ni resini, kila kimoja kina kitanzi kwenye ncha zake mbili. Vifundo ni amini, na amini yenye naitrojeni mbili hufunga nyuzi nne. Rangi ya maji ya ukutani ni rundo la nyuzi zisizofungwa, ambazo ukizivuta zinaachana. Epoksi ikishakauka, kipande chote cha sakafu kinakaribia kuwa wavu mmoja usio na mshono. Nyuzi fupi hutoa macho madogo na wavu mgumu, lakini mwepesi kupasuka. Nyuzi ndefu hutoa wavu unaonyumbuka na kuvumilia kishindo cha jeki iliyoanguka. Vifundo vikizidi nyuzi, vingine vinakosa cha kufunga. Nyuzi zikizidi, ncha zinaning'inia. Kwa hiyo uwiano ulioandikwa kwenye kopo ufuatwe kwa kipimo, si kwa jicho. Mafundi waliozoea puti ya kunyoosha bodi za magari hukosea hapa mara nyingi. Kwenye puti ile kigumishi huanzisha kazi tu, na ukikiongeza kidogo inakauka haraka. Kwenye epoksi kigumishi ni vifundo vyenyewe, na ukikizidisha unauharibu wavu.

Sasa tufike kwenye joto. Chini ya kiwango fulani cha joto, nyuzi zilizo kati ya vifundo hazina nafasi ya kucheza, na sakafu ni ngumu. Juu ya kiwango hicho nyuzi huanza kuyumba ilhali vifundo vimeshika vilevile: wavu haukatiki, ila unalegea. Kwa epoksi nyingi zinazokaukia kwenye joto la kawaida, mpaka huo uko karibu na nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Hauendi juu zaidi kwa sababu wavu unajisuka wenyewe, na kadiri unavyokaza ndivyo ncha zilizobaki zinavyokosa nafasi ya kuvifikia vifundo. Usukaji unapungua mpaka unakaribia kusimama, kabla pete zote hazijafunguka. Joto likiongezeka, nyuzi zinapata tena nafasi na kazi inaendelea. Siku ya pili, msomaji wetu alipoingiza gari, mpaka wa rangi yake ulikuwa bado chini. Angesubiri siku saba, chini ya bati linalopashwa na jua la Dar es Salaam, ungekuwa umepanda.

Gari lililotoka Posta mchana likapita Barabara ya Bagamoyo linafika nyumbani na matairi ya moto. Lami imeyapasha, na mpira wenyewe hupata joto kwa kukunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka. Tairi likisimama, joto hilo linashuka kwenye rangi huku uzito wa gari ukikandamiza. Wavu unalegea, mpira unajibana kwenye uso uliolainika, na mafuta yaliyochanganywa kwenye mpira yanaweza kupenya na kuulainisha zaidi. Usiku tairi linapoa na kusinyaa likiwa limeishika rangi. Asubuhi gari linaondoka, na kile kilichokuwa kimeshika kwa udhaifu kinaondoka nalo.

Udhaifu wa wapi? Hapa namwomba msomaji ageuze kipande kilichobanduka aangalie upande wa chini. Akikuta unga wa saruji umeganda pale, ujue rangi ilishika vizuri na sakafu ndiyo iliyoachia. Akikuta pasafi na laini, rangi haikupata pa kushika tangu siku ya kwanza. Kwetu majibu yote mawili mara nyingi yanaelekea kwenye niru. Tunapenda sakafu iliyopigwa niru ikateleza, lakini niru ni tabaka jembamba la saruji tupu. Kwa juu ni laini kiasi kwamba epoksi haina pa kuingia, na kwa chini huenda haikushikana vizuri na zege. Hata bila niru, maji yanayopanda wakati fundi akisawazisha zege huacha juu utando dhaifu. Huo wote usagwe kwa mashine yenye meno ya almasi mpaka uso ukwaruze kiganja kama msasa. Kisha dondosha maji: yakinywewa upesi, endelea, yakikaa juu kama matone, saga tena.

Jibu langu, basi, ni tabaka mbili. Chini ipakwe epoksi isiyo na thina wala maji, ambayo kwa kuwa haina cha kuvukiza hubaki karibu yote sakafuni. Inakauka polepole, na upole huo unaipa muda wa kuzama kwenye vinyweleo vya zege. Juu yake ipakwe poliaspatiki, aina ya rangi iliyoendelezwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani miaka ya 1990. Wavu wake husukwa kwa kemia nyingine, ya isosianati. Hukauka kwa saa chache, hunyumbuka kuliko epoksi, huhimili vizuri zaidi matairi ya moto, na haigeuki njano jua linapoingia mlangoni. Ikikosekana, poliurethani ya makopo mawili isiyobadilika rangi juani inafaa. Kopo moja lililoandikwa epoksi, lisilo na mwenzake, liache dukani. Pete-mkazo bila amini haisuki wavu huu.

Kemia ya epoksi si ya anasa. Pierre Castan wa Uswisi aliifikia miaka ya 1930 akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, na kampuni ya Ciba ikaigeuza kuwa Araldite, ile gundi ya mirija miwili ambayo wengi wetu tumeunganishia vyombo vilivyovunjika.

Mengine kwa haraka. Zege jipya lisubiri siku 28. Kigumishi hakitakiwi kugusa ngozi, na isosianati inadhuru mapafu: vaa barakoa yenye vichujio vya gesi, ya kitambaa haisaidii. Usipake wakati sakafu inaelekea kutoa umande.

Kabla ya kununua chochote, bandika kwa utepe wa gundi kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita juu ya sakafu, kiache kwa saa 16 au zaidi. Kikifunuliwa kikavu, kazi iendelee. Ukikuta matone chini yake, au zege limegeuka jeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini na utaisukuma rangi yoyote kwa chini. Hapo nunua silikati ya sodiamu au ya lithiamu. Inazama ndani ya zege, inaungana na chokaa iliyomo na kuziba vinyweleo vya juu. Oili itaweza kuacha doa, lakini hakutakuwa na ngozi ya kubandua.