Wadudu Wawindaji wa Malambo ya Kongwa na Vita Dhidi ya Mbu

Mvua za Wilaya ya Kongwa, Tanzania, ambazo kwa kawaida huanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba na kukoma Aprili, hujaza malambo ya kunyweshea mifugo, na katika maji hayo ya msimu hukutana viluwiluwi vya mbu, vikiwemo vya Anofelesi waenezao malaria, na wadudu wanaoishi kwa kuviwinda.

Miongoni mwa wawindaji hao ni tunutu wa kereng'ende, yaani mtoto wa mdudu huyo kabla hajakamilika mabawa. Tunutu hujibanza topeni bila kutikisika, na kiluwiluwi kinapokaribia, mdomo wake wa chini, uliokunjwa chini ya kichwa mfano wa mkono wenye kulabu nchani, hufyatuka kwa muda usiofikia sehemu moja ya kumi ya sekunde, ukakinasa na kukifikisha kinywani. Hupumua kwa matamvua yaliyo ndani ya sehemu ya mwisho ya utumbo, na akishtuliwa huyafyatua maji yaliyomo humo kwa nguvu, yakamsukuma mbele. Spishi iitwayo Pantala flavescens, ambayo hufuata pepo za mvua na huvuka Bahari ya Hindi, huweza kukamilisha ukuaji wake kwa takriban wiki sita katika maji ya joto, hivyo huwahi kuruka kabla lambo halijakauka.

Karibu na uso wa maji huogelea chali notonekta, wadudu wa oda moja na kunguni, ambao hubeba hewa chini ya tumbo, huyachoma mawindo kwa mrija wa mdomo, huyatia mate yanayoyeyusha nyama, kisha huifyonza. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mbu wa spishi ya Anopheles gambiae hutaga mayai machache zaidi penye wadudu hao, kwa maana kwamba wawindaji hupunguza mbu hata kabla ya kuwala.

Hata hivyo, ulinzi huo hutegemea muda. Mbu huweza kutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 14, ilhali wawindaji wengi huhitaji wiki kadhaa, na ndiyo maana vidimbwi vyenye kupigwa na jua vinavyobaki katika alama za kwato za ng'ombe huwakuza Anofelesi bila adui. Vilevile, kiuatilifu cha shambani kikimwagwa lamboni huua pande zote mbili, kisha mbu, kwa kuwa huzaliana upesi, hutangulia kurejea. Lakini viuadudu vya kibayolojia vitokanavyo na bakteria, kama vile vinavyotengenezwa Kibaha, Tanzania, hulenga viluwiluwi vya mbu na kuwaacha wawindaji wengi salama.

Kwa hiyo inafaa wafugaji wafukie alama za kwato kandokando ya malambo, waache majani ya ukingoni ambamo tunutu hupandia wanapogeuka kereng'ende, na waendelee kulala ndani ya chandarua chenye dawa, kwa sababu wadudu hawa hupunguza mbu lakini hawawamalizi.