Watoto wa Nabugoye

Wageni wanaopanda kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale mashariki mwa Uganda, wengi huja na swali lile lile: hivi hawa ni Wayahudi kweli? Huwauliza wazee, huwapiga picha watoto wenye vikofia vya sala, kisha huenda kuandika kwamba wameona ajabu. Maandishi ya namna hiyo yamenichosha. Uyahudi hukaa nyumbani, katika yale anayofanyiwa na kufundishwa mtoto kabla hajajua kusoma, na huko ndiko wageni hawatazami.

Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewapigania Waingereza mpaka akaona wamemdhulumu, aliishika Torati, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Wafuasi wake ndio Abayudaya. Tangu hapo mvulana wao hutahiriwa siku ya nane. Majirani zao Wagisu humtahiri kijana aliyekwisha pevuka, hadharani, katika miaka ya shufwa, na sifa yake ni kusimama imara asitikisike. Kichanga cha Kiyahudi hulia kinavyotaka, wala hakuna wa kukilaumu. Mila zote mbili naziheshimu. Lakini anayedai kwamba Abayudaya wanaiga Wazungu ajue kuwa tohara ndiyo iliyomtenga Kakungulu na kanisa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni Ijumaa jioni. Mswahili wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini Sabato huingia siku hiyo jua likizama. Kwake pia huo ni usiku wa Jumamosi. Kabla ya magharibi, chakula kimekwisha iva na kufunikwa, maana moto hauwashwi tena mpaka kesho usiku. Watoto wameogeshwa na kuvalishwa nguo safi. Mama huwasha mishumaa, hufunika macho kwa viganja, huomba. Ziko familia za Kiyahudi duniani ambazo huongeza mshumaa mmoja kila anapozaliwa mtoto, hata mtoto akaijua nafasi yake kwa mwanga wa meza ya kwao.

Kisha mzazi huwawekea wanawe mikono kichwani, mmoja mmoja. Binti huombewa awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Mvulana huombewa awe kama Efraimu na Manase. Hapa ningependa wauliza-maswali wasimame kidogo. Efraimu na Manase walizaliwa Misri, katika ardhi ya Afrika, na mama yao ni Asenathi, binti wa kuhani wa Misri. Basi baba wa Kiyahudi aliyeko New York au London, kila Ijumaa, humwombea mwanawe afanane na vijana wawili wa mama Mmisri. Anayeshangaa kuona dua hiyo ikisomwa Mbale hajaisikiliza vizuri huko kwao.

Mtoto hufundishwa pia kushukuru anapofumbua macho asubuhi, kabla hajashuka kitandani, na usiku kukiri kwamba Mungu ni mmoja, kiganja kikiwa machoni. 

Pasaka ndiyo sikukuu iliyowekwa mikononi mwa watoto. Mdogo kuliko wote mezani, akishaweza kusema, ndiye huuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine: kwa nini mkate usio na chachu, kwa nini mboga chungu. Mtu mzima haanzi kusimulia habari za kutoka utumwani mpaka mtoto ameuliza. Kipande cha mkate hufichwa, watoto wakitafute, na karamu haifungwi mpaka kipatikane, hivyo mzazi hukikomboa kwa zawadi. Ni hila ya kuwaweka macho hadi usiku mwingi, na sijaona darasa la historia linaloishinda.

Enzi za Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa, wengi waliiacha, na waliobaki waliwafundisha watoto kwa siri. Majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na enzi hizo zikakoma. Jioni hiyo hiyo ilikuwa ya kuingia Pasaka. Sisi tunaojivunia vita ile hatulisemi hili vya kutosha.

Hatari ya leo haina bunduki. Shule nyingi hufundisha na kutahini Jumamosi, na mtoto hulazimika kuchagua kati ya Sabato na cheti. Ndiyo maana jamii hii ilijijengea shule zake, Hadassah ya msingi na Semei Kakungulu ya sekondari, ambazo pia huwapokea watoto Wakristo na Waislamu. Anayetaka mila hizi zidumu azisaidie shule hizo kwanza, kabla ya kujenga jingine lolote kilimani.

Nawe msomaji, ukijaliwa kufika Nabugoye siku ya Ijumaa, zima kamera jua likianza kushuka. Waache watoto wabarikiwe. Maswali ya asili yao yangoje Jumapili.