Foleni Ndefu Hutoka Wapi?

Siku za kufungua shule hapa Uganda, wazazi wengi huamka alfajiri kwenda mjini kulipa karo benki. Mwenye kufika saa mbili hukuta mstari umekwisha kufika barabarani. Mama aliyeacha mboga zake sokoni hupoteza faida ya siku nzima, na mtoto asiye na risiti hungoja nje ya darasa. Basi watu hunung'unika, "Makarani hawa ni wavivu." Pengine ni kweli, lakini mara nyingi sivyo. Foleni ina hesabu yake, na hesabu hiyo yajulikana tangu zamani.

Aliyeianza ni mtu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyezaliwa mwaka 1878. Alikuwa mwalimu wa shule, kisha mwaka 1908 akaingia katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Siku zile mwenye kupiga simu alingoja kwanza opereta amwunganishie waya kwa mkono. Kampuni ikiweka maopereta wachache, wateja hukasirika. Ikiweka wengi mno, fedha hupotea. Wangapi wanatosha? Mwaka 1909 Erlang alitoa maandishi yake ya kwanza juu ya swali hilo, na mwaka 1917 akatoa kanuni zilizokuja kutumiwa katika nchi nyingi. Alifariki mwaka 1929, na hata leo mafundi hupima wingi wa mazungumzo ya simu kwa kipimo kiitwacho erlang.

Natutazame dirisha moja. Tuseme karani huchukua dakika 5 kwa mtu mmoja kwa wastani, yaani aweza kuhudumia watu 12 kwa saa. Wakija 11 tu, mtu atadhani hapatakuwa na foleni, kwa kuwa bado ana nafasi ya mmoja. La! Watu hawaji kwa mpango. Watatu hufika pamoja, kisha robo saa nzima hafiki mtu. Mmoja ana karatasi moja, mwenzake ana mfuko wa sarafu za kuhesabiwa. Na zile dakika ambazo karani alikaa bure hawezi kuziweka akiba azitumie baadaye.

Kwa hesabu hiyo, wakija watu 6 kwa saa, kila mmoja atangoja dakika 5 kwa wastani kabla ya kufika dirishani. Wakija 9, atangoja dakika 15. Wakija 11, atangoja dakika 55! Wameongezeka wawili tu, na kungoja kumezidi mara tatu.

Hapo ndipo wakubwa wa kazi wengi hukosea. Mkubwa akimwona karani amekaa bure kidogo, hudhani mshahara unapotea, akapunguza watu. Ninyi wanafunzi wa zamani mlio na madaraka maofisini na madukani, liangalieni sana neno hili. Dakika hizo za kukaa bure ndizo zinazoizuia foleni. Mkiziondoa, akiba mnayoipata hulipwa na yule mama wa sokoni kwa siku yake.

Tuongeze karani wa pili kwa watu wale wale 11. Wakigawanywa katika mistari miwili, kila mtu na wake bila kuhamahama, watangoja kama dakika 4. Lakini wakifanya mstari mmoja tu, na aliye mbele aende kwa karani yeyote aliye wazi, watangoja dakika moja na kitu. Mishahara ni ile ile, madirisha ni yale yale. Kilichobadilika ni kamba ya kuongozea watu! Tena hakuna wa kulia kwamba aliyekuja nyuma yake amehudumiwa kwanza kwa bahati ya kuchagua mstari mwepesi.

Jambo hilo la haki si dogo. Mwaka 1985 David Maister aliandika ya kuwa kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kunakojulikana, na kungoja kwenye dhuluma vivyo hivyo. Ndiyo maana benki nyingine hutoa karatasi zenye namba, watu wakakaa vitini. Anayeshika namba 40 akiona namba 31 inaitwa, ajua yuko wapi, na mjanja wa kupenya mbele hana njia.

Lakini siku ya mwisho ya karo namba hizo hazitoshi. Wakija watu 12 kwa saa au zaidi kwa karani yule mmoja, mstari utazidi kukua mpaka watu wapungue au mlango ufungwe. Siku hizi kulipa kwa simu ya mkononi kumewapunguza wengi. Hata hivyo shule nazo zina sehemu yao katika foleni hiyo, maana nyingine huwatajia wanafunzi wote siku moja ya mwisho. Kidato cha kwanza na cha pili wangepewa wiki yao, na sisi wakubwa yetu, watu wale wale wangefika dirishani kwa siku nyingi, na karani angekuwa na nafasi ya kunywa chai yake.