Seva Yenye Mbio Si Bohari Salama

Mkaazi wa Kitui au Makueni hahitaji kufunzwa maana ya akiba. Hujenga ukingo wa saruji kukingama mto wa msimu, akangoja mafuriko yaurundikie mchanga, na maji yakajificha humo mbali na jua. Kijiji kizima huteka hapo. Ajabu ni kwamba hekima hiyo hutuponyoka tuingiapo ofisini kununua seva, yaani tarakilishi kuu inayozihifadhia tarakilishi nyingine kazi zao.

Tangu mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi, na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza, kilipopata hati yake, majalada mengi ya huku Ukambani yamehamia kwenye diski. Lakini wanunuzi wengi wangali wanavutiwa na prosesa yenye mbio. Hilo ni kosa. Waya wa mtandao wa gigabiti 1 hupitisha megabaiti 125 tu kwa sekunde, na diski moja ya kisasa huweza kuzitoa isomapo faili kubwa. Mbio za ziada hukwama njiani, kama maji ya mtungi wenye shingo nyembamba.

Fedha hizo zitumiwe kwingine. Seva ipewe kumbukumbu ya aina inayojisahihisha makosa. Ipewe pia betri ya akiba inayoiamuru ijizime kwa utaratibu. Nani amesahau giza lililoikumba karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023? Kisha diski zipangwe kwa utaratibu wa RAID, uliotangazwa na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988. Katika RAID 6, diski mbili zaweza kufa pasipo kazi kupotea.

Hapa naomba niseme kama mwanaisimu. Wauzaji huuita mpangilio huo ‘bekapu’, na neno hilo linatupotosha. RAID ni kinga dhidi ya kifo cha diski, si nakala. Haizuii mwizi, wala moto, wala kidole kilichokosea. Mimi nilijifunza kwa uchungu. Rekodi za wazee wakisimulia ngano kwa Kikamba, nilizoziweka katika seva ya ofisi moja, zilifutwa kwa bahati mbaya. Diski zote ziliitii amri ile kwa pamoja. Wasimulizi wawili walikuwa wamekwisha kufariki.

Basi nakala ya Kitui na iwe na pacha wake Wote, na nyingine ikae katika diski iliyochomolewa, ikafungiwa kabatini. Nakala hizo zijaribiwe mara kwa mara, kwani nakala isiyosomeka ni kisima kikavu.

Enyi mnaotia saini hati za zabuni, msiulize kwanza seva ina mbio kiasi gani. Ulizeni hivi: ikiibwa usiku wa leo, kesho tutasoma nini?