Chumba cha Darini: Sikiliza Kenchi Kabla ya Kushika Msumeno

Aliyepanda darini na tochi kutafuta bati linalovuja mara nyingi hushuka na wazo jipya. Amekuta uwazi mkubwa juu ya vyumba vyake, na huku chini watoto watatu wanalala chumba kimoja. Kiwanja kimekwisha, familia inakua. Kwa nini nafasi hii ikae bure? Swali ni zuri. Hatari huanza pale fundi anapolijibu kwa msumeno kabla mtu yeyote hajapima.

Uwazi ule haukai bure, una kazi. Paa la pande mbili ni kama ngazi ya miguu miwili ya fundi rangi: mtu akipanda, miguu hutaka kuachana, na kinachoizuia ni kamba iliyofungwa kati yake. Katika kenchi, kamba hiyo ni ubao wa chini unaolala kutoka ukuta hadi ukuta. Zile mbao za mshazari zinazokuzuia kupita ndizo zinazogawana uzito wa bati na msukumo wa upepo. Ukizikata bila mbadala, huenda paa lisianguke siku hiyo. Litabonyea polepole, kuta zitasukumwa nje, na ufa utaanza kuonekana karibu na linta. Kufikia hapo fundi ameshalipwa na kuondoka.

Kwa hiyo anza na utepe wa kupimia. Chukua nyumba yenye upana wa mita 9. Paa likiinuka nyuzi 20, kilele chake kiko kama mita 1.6 juu ya dari. Hapo hakuna chumba, na ni heri kulikubali hilo mapema. Likiinuka nyuzi 35, kilele hufika mita 3.15. Toa unene wa sakafu mpya na dari ya juu, hubaki kama mita 2.8. Sehemu ambayo mtu mzima anaweza kusimama wima, yenye mita 2 kwenda juu, ni ukanda wa mita 2.3 tu katikati ya nyumba. Pembeni utaweka kitanda, rafu na kabati fupi. Paa la kuangukia pande nne hubana zaidi, na linakunyima ukuta wa pembetatu ambao ungebeba dirisha.

Urefu ukitosha, geukia sakafu. Mbao zilizoshikilia jipsamu zimewekwa kubeba dari, si watu. Wahandisi hukadiria mzigo wa watu na vyombo katika chumba cha kuishi kuwa kama kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 hupangiwa basi kilo 1,800, sawa na mifuko 36 ya saruji. Mzigo huo unahitaji boriti zake zenyewe, zinazokaa juu ya kuta zenye msingi na zisizogusa dari ya chini.

Wajenzi wa kale wa Lamu na Unguja walilijua hili vizuri. Vyumba vya nyumba zao za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mkoko ziliwawekea mpaka wa upana. Ukiongeza umbali kati ya kuta mara mbili, nguvu inayoipinda boriti huongezeka mara nne. Ubao nao hupata nguvu kwa kusimama: ukiongeza kimo chake mara mbili, uwezo wake wa kuhimili kupinda huongezeka mara nne, ukiongeza upana peke yake, huongezeka mara mbili tu. Ndiyo maana boriti ya sakafu husimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, hailazwi. Kama ni paini, hakikisha imekauka na imetiwa dawa ya mchwa.

Joto nalo lisipuuzwe. Chini ya bati, mchana wa Dar es Salaam au Tanga hugeuza darini kuwa tanuri. Weka tabaka la kuzuia joto, na kati yake na bati acha nafasi ya angalau sentimita 5. Hewa iingie kwenye matundu ya chini, karibu na mwisho wa paa, na itoke karibu na kilele.

Kuna pia ngazi, ambayo wengi huikumbuka mwisho. Kupanda mita 3 kwa hatua za sentimita 18 hivi kunadai hatua 17, na ngazi iliyonyooka itachukua kama mita 4 za sebule yako. Lazima iishie chini ya sehemu ya juu ya paa, la sivyo kila anayepanda atagonga kichwa. Na kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kushukia, chumba kiwe na dirisha ambalo mtu anaweza kutokea moto ukizuka chini.

Kazi hii ni ujenzi, si ukarabati wa rangi. Kwa Tanzania, nenda halmashauri kwa ajili ya kibali, na mpe michoro mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ni yeye atakayesema kenchi zipi zinaweza kuondolewa, na kwa utaratibu gani: mbao mpya zifungwe kwanza na kushika mzigo, ndipo za zamani zitolewe.

Na wewe ambaye bado hujaezeka, fanya uamuzi sasa. Mwambie mchoraji wako leo kwamba unataka chumba cha darini. Kuinua mstari wa paa kwenye karatasi ni kazi ya dakika chache. Kuuinua baada ya bati kupigiliwa ni kubomoa.