Bata mzinga juu ya makaa: Ngozi nyeusi si dalili ya kuiva

Msimu wa Krismasi unapokaribia, jamaa wengi hukusanyika na kuchinja. Aghalabu huwa ni mbuzi au kuku, lakini wapo wanaonunua bata mzinga, ndege mkubwa anayeweza kutosha watu wa nyumba nzima na wageni wao. Baadhi yao humchoma juu ya makaa akiwa mzima, jinsi wanavyochoma vipande vya kuku. Hapo ndipo hatari huanzia.

Kipande cha kuku huiva kwa muda mfupi. Bata mzinga wa kilo tano ana kidari na mapaja manene, na joto huchukua muda mrefu kuufikia mfupa. Makaa makali yakiwa chini yake, ngozi huwa nyeusi huku nyama ya ndani ikiwa ingali mbichi. Mpishi huona rangi, akasikia harufu nzuri, akadhani kazi imekwisha. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ndege wa kufugwa huweza kubeba viini vya salmonela na kampilobakta tumboni bila kuonekana wagonjwa. Mtu akila nyama isiyoiva vyema, huweza kushikwa na homa, kuumwa na tumbo na kuhara. Dalili za salmonela huanza kati ya saa sita na siku sita baada ya mlo, hivyo mgonjwa huenda asikumbuke alichokula. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wazee, waja wazito na wale ambao kinga yao ya mwili ni hafifu.

Kinga ipo, nayo huanza kabla ya kuwasha moto. Ndege aliyegandishwa sharti ayeyuke kabisa. Mwache ndani ya jokofu, mbali na sehemu ya kugandisha, kwa muda wa siku moja kwa kila kilo mbili. Usimwache mezani usiku kucha, kwani nyama ya juu hupata joto na viini huzaana ilhali ya ndani ingali barafu. Aliyenunuliwa dukani akiwa tayari amesafishwa hahitaji kuoshwa tena. Maji ya mfereji hurusha viini hadi kwenye vyombo na mboga. Osha mikono kwa sabuni baada ya kumshika, na kisu kilichokata nyama mbichi kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa.

Kumchoma akiwa mzima kunahitaji jiko lenye kifuniko. Washa makaa na ungoje hadi yafunikwe na jivu jeupe. Yasukume pande mbili, na katikati uweke karai lenye maji kidogo. Mlaze ndege kwenye wavu juu ya karai hilo, pasipo na makaa, kisha ufunike. Matundu ya hewa yasizibwe. Ongeza makaa machache kila baada ya saa moja hivi. Ndege wa kilo tano huchukua kama saa tatu. Usimjaze mchele wala mkate tumboni, kwani vitu hivyo huchelewesha joto, vipike kando.

Karai hilo lina faida nyingine. Mafuta yakidondokea makaa hutoa moshi wenye kemikali ambazo zimebainika kusababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Sehemu zilizoungua zikatwe na kutupwa.

Utajuaje kwamba ameiva? Njia ya kutegemewa ni kipimajoto cha nyama. Kidunge ndani ya paja, kwenye kidari na karibu na kiungo cha bawa, bila kugusa mfupa. Kila mahali pasomeke nyuzi 74 za sentigredi au zaidi. Rangi ya nyama au ya maji yanayotoka haitoshi kuwa ushahidi. Asiye na kipimajoto au kifuniko ni heri amkate vipande, avichemshe hadi viive kabisa, kisha avihamishie kwenye makaa papo hapo ili vipate rangi na ladha.

Mvua ikinyesha, usiingize jiko nyumbani. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ambayo huweza kuua watu ndani ya chumba kilichofungwa.

Nyama inayosalia ihifadhiwe katika jokofu kabla ya saa mbili kupita, na iliwe katika muda wa siku tatu au nne baada ya kupashwa moto hadi itoe mvuke. Wasio na jokofu wagawane na majirani siku hiyo hiyo.

Iwapo mtu ataanza kuhara baada ya karamu, mpe maji ya kunywa yaliyochanganywa na dawa ya chumvi na sukari inayouzwa kwa pakiti, kidogo kidogo na mara kwa mara. Akihara damu, akiwa na homa kali, akikosa kukojoa au akilegea, asingojee kupambazuke. Apelekwe hospitali mara moja, hasa akiwa mtoto, kwani ukosefu wa maji mwilini huua upesi.