Teresa Deevy: Kiziwi Aliyeandikia Redio

Akina mama wenzangu, katika mji wa Waterford, kusini mwa Ireland, mwaka 1894 alizaliwa Teresa Deevy, kitinda mimba wa watoto 13. Baba yake alifariki angali mdogo.

Teresa alitaka kuwa mwalimu. Akiwa chuo kikuu alipatwa na ugonjwa wa Ménière, ambao hushika sikio la ndani na kuleta kizunguzungu kikali, mlio masikioni na kupungua kwa usikivu. (Mama mwenye dalili hizo asijiambie ni uchovu wa kazi za nyumbani, aende akapimwe.) Teresa akawa kiziwi. Ualimu ukaishia hapo.

Akaenda London kujifunza kusoma midomo ya wasemaji. Huko aliuona ukumbi wa maigizo kuwa shule nzuri: aliusoma mchezo kwanza kitabuni, kisha akaketi kuwatazama waigizaji. Ndipo hamu ya kuandika ilipomshika.

Kati ya 1930 na 1936 ukumbi mashuhuri wa Abbey, Dublin, ulionyesha michezo yake sita. Mimi naupenda zaidi "Temporal Powers" wa mwaka 1932. Mume na mke waliofukuzwa nyumbani kwao wanajihifadhi katika gofu, na humo wanakuta fedha zilizofichwa. Mke anaona shida zimekwisha. Mume dhamiri inamsumbua. Deevy, ambaye hakuolewa na alikuwa Mkatoliki wa dhati, hakumfanya mke shetani wala mume malaika. Njaa inasema, na amri ya Mungu inasema, nyumba ile ile.

Katika "Katie Roche" (1936), msichana mtumishi anaolewa na mwanamume aliyemzidi sana umri, kisha anajifunza jinsi ndoa isivyofanana na ndoto zake.

Baadaye Abbey ikaukataa mchezo wake "Wife to James Whelan". Hakuvunja kalamu. Aligeukia redio, na michezo yake ikatangazwa Ireland na pia na BBC, naye asisikie hata neno moja! Dada yake Nell, walioishi pamoja Dublin, ndiye aliyekuwa masikio yake mbele za watu.

Nell alifariki mwaka 1954. Mwaka huo huo Teresa aliingizwa katika Chuo cha Fasihi cha Ireland. Alirudi Waterford, akafa huko mwaka 1963. Mwaka 2017 Abbey ile ile iliurudisha "Katie Roche" jukwaani.